Lijue Gugu Lako

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Wilaya za Mbulu na Hanang

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa, na daftari yake iko wazi mbele yake. Mwenye karatasi hii na amkaribie mwenzake asiye nayo, wasome pamoja. Tutakwenda polepole. Ukikuta neno gumu, litie mstari chini, kisha mwulize mwalimu wako tukimaliza.

Maneno ya leo ni haya. Yasomeni kwa sauti:

Palizi: kazi ya kuondoa magugu katika mimea.
Matandazo: majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo.
Mbolea vunde: mbolea itokanayo na majani na samadi vilivyooza pamoja.
Mchanganyiko: mimea ya namna mbili au zaidi katika shamba moja.
Ushahidi: jambo linaloonyesha kwamba neno lako ni kweli.

Neno hilo la mwisho, ushahidi, lishikeni sana. Tutalirudia.

SHAMBA LA MAMA YANGU

Nataka kuanza na habari ya nyumbani kwetu. Katika miaka ya 1970 mama yangu alikuwa na shamba la eka moja na nusu, kwenye mteremko. Alipanda mahindi. Katikati ya mahindi alipanda maharage, na hapa na pale akatia maboga. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Siku moja akaja Bwana Shamba. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Alisimama pembeni ya shamba, akatazama, akasema, "Mama, hili si shamba, hili ni pori. Ng'oa maharage yote. Mahindi yasimame peke yake."

Mama akaitikia, "Ndiyo, Bwana." Akang'oa maharage ya upande wa juu, ule uonekanao kutoka barabarani. Upande wa chini, uliofichwa na ua wa minyaa, akauacha kama ulivyokuwa.

Mwaka ule upande wa juu tuliupalilia mara tatu. Nakumbuka vizuri, maana jembe moja lilikuwa langu. Jua lilipiga udongo mtupu katikati ya mistari, na kila mvua iliponyesha, magugu yakaota upya. Upande wa chini tulipalilia mara moja, kisha tukapita kung'oa kwa mkono machache yaliyobaki. Majani ya maharage na ya maboga yalikuwa yameufunika udongo, gugu halikupata mwanga. Wakati wa mavuno, upande wa juu ulitupa mahindi tu. Upande wa chini ulitupa mahindi, maharage na maboga.

Basi mwaka uliofuata kukawa na mkutano wa kijiji. Bwana Shamba akasoma karatasi yake: shamba la mahindi peke yake hutoa mahindi mengi zaidi. Mama akanyosha mkono, akaeleza aliyoyaona. Akaulizwa, "Ulipata debe ngapi upande huu, na ngapi upande ule? Ulipalilia siku ngapi?" Mama hakuweza kujibu. Hakujua kuandika, na kichwa hakiwezi kubeba hesabu ya mwaka mzima. Watu wakacheka kidogo, naye akaketi.

Mama alishinda shambani, akashindwa mkutanoni.

Ndugu zangu, karatasi ile ya Bwana Shamba haikuwa ya uongo. Lakini ilihesabu mahindi tu. Haikuhesabu maharage, wala maboga, wala siku za mgongo wa mama kuinama. Katika nchi nyingi za Afrika, tangu enzi za ukoloni, maofisa wa kilimo waliwahimiza wakulima kuacha mchanganyiko na kupanda zao moja moja. Baadaye wataalamu wenyewe walikwenda kwa wakulima wakapima. Bwana David Norman alichunguza mashamba ya wakulima wa kaskazini mwa Nijeria, na katika miaka ya 1970 akaandika aliyoyaona: mchanganyiko ulimpa mkulima mapato zaidi kwa kila eka, tena ulimkinga na hasara ya mwaka mbaya. Kumbe neno la mama lilikuwa kweli. Ila yeye hakuwa na daftari.

GUGU NI NINI?

Sasa tuje kwenye somo. Gugu ni mmea ulioota mahali usipotakiwa. Nalo huishi kama mimea mingine. Lataka mwanga, maji na nafasi, na lataka kuzaa. Ukijua jinsi gugu lizaavyo, umekwisha jua mahali pa kulipiga.

Magugu ni ya namna nyingi, lakini leo tutayagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni magugu yazaayo kwa mbegu, kama vile kishona nguo, mchicha pori na mnanaha. Haya yasipozaa, hufa na habari yake huisha. Kwa hiyo yang'oe kabla ya maua kukomaa. Mtu husema, "Mahindi yangu yamekwisha kuwa marefu, magugu hayawezi kuyadhuru tena." Ni kweli kwa mwaka huu. Lakini magugu hayo yanazaa chini ya mahindi, na watakaoyapalilia mwakani ni wewe na watoto wako.

Fungu la pili ni magugu yenye mizizi au vikonyo vya kutambaa, kama sangari na ndago. Ukilikata sangari vipande kumi kwa jembe, umepanda sangari kumi. Haya lazima yachimbuliwe wakati wa kiangazi, yakung'utwe udongo, yaanikwe juani juu ya mawe mpaka yakauke kabisa. Usiyatupe katika lundo la mbolea yakiwa mabichi.

Fungu la tatu ni magugu maovu kuliko yote, nayo yataka tahadhari. Kiduha ni mmoja wao. Huota katika mtama, uwele na mahindi, hasa nchi ya chini yenye joto na udongo uliochoka. Hushika mizizi ya zao na kunyonya chakula chake chini ya ardhi, hata kabla wewe hujakiona. Mmea mmoja huzaa mbegu ndogo kama vumbi, maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Mwingine ni gugu karoti, ambalo majani yake yafanana na ya karoti, na maua yake ni madogo meupe. Liligunduliwa nchini kwetu mwaka 2010, karibu na Arusha. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Huwasha ngozi, huharibu malisho, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Ukiliona, usilishike kwa mkono mtupu. Mwite Bwana Shamba siku hiyo hiyo. Hapo yeye na wewe ni jeshi moja.

NJIA TANO ZA KULISHINDA GUGU

Njia ya kwanza: funika udongo. Gugu changa bila mwanga halina maisha. Panda mahindi, kisha baada ya wiki 2 hadi 4 panda ngwara katikati ya mistari. Usiipande siku moja na mahindi mahali penye mvua nyingi, maana ngwara ni mnyang'anyi, itayapanda mahindi na kuyaangusha. Majirani zetu wa Karatu wameitumia ngwara hivi kwa miaka mingi, na mbegu yake ina soko mpaka Kenya. Wa Babati hupanda mbaazi. Mahindi yakivunwa, ngwara na mbaazi hubaki zimesimama, zinaufunika udongo wakati wa kiangazi.

Hapa pana shida, na sitaificha. Katika wilaya zetu ni desturi kwamba baada ya mavuno mifugo huingia mashambani. Ng'ombe wa jirani atakula ngwara yako na matandazo yako yote. Ng'ombe hana kosa, wala jirani hana kosa, maana desturi ni yetu sote. Jambo hili halimalizwi na mtu mmoja. Laletwa mkutanoni, watu wapatane ni mashamba yapi yatafungwa, na mifugo itapita wapi.

Njia ya pili: badilisha mazao. Kila zao lina magugu yalizoeayo. Ukipanda mahindi miaka 10 mfululizo, unayafuga magugu ya mahindi. Mwaka mmoja panda mahindi, mwaka wa pili maharage au viazi, mwaka wa tatu ngano au shayiri kama nchi yako yafaa.

Njia ya tatu: yageuze magugu kuwa chakula cha udongo. Wazee wa Kainam, katika nchi ya zamani ya Wairaqw, wamelima milima ile ile vizazi vingi kwa samadi na kwa matuta yaliyokingama mteremko. Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa nchi yetu, hufyeka nyasi, huzipanga chini mfano wa miraba, kisha huzifukia kwa udongo. Kila mraba huwa na shimo katikati, nalo huitwa ngoro. Maji ya mvua hutulia ndani ya shimo. Magugu ya palizi nayo hutupwa humo, yakaoza. Watu hawa hawakusema, "Gugu ni takataka." Walisema, "Gugu limekula udongo wangu, basi na lirudishe."

Lakini angalia samadi. Mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwa ng'ombe bila kufa. Ukipeleka samadi mbichi shambani, umekwenda kupanda. Ichanganye kwanza na majani, ifanye lundo lenye kimo cha mtu kifuani, uinyunyizie maji, uifunike. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe, ukishike. Kikiwa cha moto sana hata mkono wakikimbia, lundo linafanya kazi na mbegu zinakufa. Kikiwa baridi, lundo ni kavu mno au dogo mno. Baada ya wiki 2 au 3 geuza lundo, lililo nje liingie ndani, maana mbegu zilizo pembeni hazikupata moto.

Njia ya nne: mtege gugu. Tayarisha shamba mapema. Mvua ya kwanza ikinyesha, acha magugu yaote. Yakiwa na majani mawili, pitisha jembe juu juu tu, usichimbe chini ukaamsha mengine. Kisha panda. Usikawie sana, mvua zetu hazimngoji mtu. Kama unaogopa, jaribu sehemu moja tu ya shamba. Halafu palizi ya kwanza na iwe mapema, kabla ya wiki ya tatu. Palizi hiyo ndiyo iokoayo mahindi. Na hapa Bwana Shamba ana haki kabisa anaposema tupande kwa mistari. Katika mistari jembe la kukokotwa na ng'ombe laweza kupita, na mgongo wa mtu ukapumzika.

Njia ya tano ni ya kiduha. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, wakiongozwa na Profesa Zeyaur Khan, walikuwa wakitafuta dawa ya funza wa mabua katika miaka ya 1990. Walipanda desmodiamu katikati ya mahindi, na majani ya tembo kuzunguka shamba. Desmodiamu ni jani la jamii ya kunde, litambaalo chini. Harufu yake huwafukuza wadudu, na majani ya tembo huwavuta nje. Njia hiyo huitwa sukuma-vuta. Kisha wakaona jambo wasilolitazamia: kiduha kilikuwa kinatoweka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha, kisha kikaizuia michipuko yake isiishike mizizi ya mahindi, ikafa kwa njaa. Tena desmodiamu na majani ya tembo ni malisho mazuri ya ng'ombe. Mtu wa Mbulu au Hanang mwenye ng'ombe wawili zizini huwezi kumweleza faida hiyo mara mbili.

HABARI YA MAJIVU

Wengine wenu mmeniuliza juu ya majivu ya mbegu za magugu. Habari hii yatoka kwa Rudolf Steiner, mtu wa Austria. Mwaka 1924 alitoa mihadhara kwa wakulima mahali paitwapo Koberwitz, ambapo siku hizi pamo katika nchi ya Poland. Mafundisho yake ndiyo mwanzo wa kilimo kiitwacho baiodainamiki. Alisema shamba ni kama mwili mmoja: ng'ombe, udongo, mimea na mkulima vyategemeana, na mbolea itoke humo humo shambani. Maneno haya mzee yeyote wa Kainam angeyakubali. Lakini alisema pia kwamba ukichoma mbegu za gugu na kunyunyiza majivu yake shambani, gugu hilo halitaota tena.

Nami nitawaambia wazi. Mpaka leo hakuna jaribio la vipimo lililothibitisha neno hilo la majivu. Usiache jembe lako ukategemea majivu. Ila kuna jambo moja: mtu akizunguka shamba lake, akakusanya mbegu za magugu kabla hazijaanguka, akazichoma, mbegu hizo hazitaota. Faida ni ya kule kuzikusanya.

Mtetezi wa njia njema akichanganya neno la kweli na neno lisilo na ushahidi, wanaompinga watalishika lile lisilo na ushahidi, na yote mawili yatatupwa.

DAWA ZA KUUA MAGUGU

Sasa tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Bwana Shamba au Bibi Shamba anayekushauri kutumia dawa hana nia mbaya. Palizi ni kazi nzito, na nyumba nyingi humwangukia mama. Dawa huokoa siku. Anayesema dawa haina faida hajapalilia eka tatu akiwa na mtoto mgongoni.

Lakini dawa ni sumu, na sumu haitaki mtu asiyesoma. Ninyi sasa mnasoma. Tazameni chupa. Chini ya karatasi yake pana mstari wa rangi. Nyekundu: sumu kali sana. Manjano: sumu ya kudhuru. Buluu: angalia. Kijani: hatari ni ndogo, lakini bado si maji ya kunywa. Someni jina la dawa. Parakwati, kwa mfano, mtu akiimeza hata kidogo yaweza kumwua, na hakuna dawa ya kuipoza. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeikataza tangu mwaka 2007. Glaifoseti ni dawa nyingine inayotumika sana duniani. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba huenda husababisha saratani. Mamlaka nyingine za serikali, zikiwamo za Ulaya, hazikukubali. Wataalamu wanapobishana, mkulima na ajikinge: glavu, viatu vya mpira, nguo ndefu, na chupa tupu isitiwe maziwa wala mafuta ya taa.

Jueni pia kwamba nchini kwetu dawa husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chupa isiyo na maandishi, au dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, usinunue hata ikiwa rahisi.

OFISI IKISEMA HAPANA

Tumefika penye shina la somo. Utafanya nini ukitaka kulima kwa ngwara na matandazo, na mkubwa wa mahali pako akasema, "Shamba lako ni chafu, unaturudisha nyuma"?

Kwanza, usimtukane, wala usifiche shamba nyuma ya minyaa kama mama yangu. Mwulize sababu. Pengine anayo ya kweli. Pengine magugu yako yanamwaga mbegu kwa jirani. Pengine ameona gugu karoti.

Pili, jua kwamba hulimi kinyume cha nchi. Sera ya Taifa ya Kilimo ya mwaka 2013 inakitambua kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za kiwandani. Tena Novemba 2023, mjini Dodoma, Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo hai cha kufuata ikolojia, wa mwaka 2023 hadi 2030. Mwambie kwa heshima, "Ndugu, jambo hili Serikali imekwisha kuliandika."

Tatu, lete ushahidi. Wa Hanang mnaijua habari ya mashamba makubwa ya ngano. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la serikali, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba, kiasi cha eka 100,000, katika malisho ya Wabarbaig. Wafugaji walisema nchi ile ni yao na waliijua. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, kwa kuwa ushahidi wa haki yao ulionekana hautoshi. Watu walioishi juu ya nchi ile vizazi na vizazi! Siwaambii haya ili kuamsha hasira. Nawaambia mpate kuona kwamba kujua peke yake hakutoshi mbele ya karatasi.

Basi fanya hivi. Pima vipande viwili vya shamba lako vilivyo sawa, kila kimoja hatua 20 kwa hatua 20, udongo mmoja, mteremko mmoja. Kipande cha kwanza lima kama Bwana Shamba anavyoshauri, pamoja na dawa yake. Usikiharibu kwa makusudi, huo ni wizi. Kipande cha pili lima kwa njia yako. Panda siku moja. Kisha andika kila jambo siku ile ile. Huu ni mfano, si hesabu ya mtu fulani. Yako utaandika mwenyewe:

Kipande cha kwanza. Kazi ya dawa na palizi: saa 4. Dawa na kukodi bomba: shilingi 3,000. Mavuno: mahindi debe 3.

Kipande cha pili. Palizi: saa 9. Dawa: hakuna. Mavuno: mahindi debe 2 na nusu, ngwara nusu debe.

Tuseme debe ya mahindi ni shilingi 10,000, na debe ya ngwara ni shilingi 30,000. Kipande cha kwanza kimetoa shilingi 30,000. Toa 3,000 ya dawa, zabaki 27,000. Kipande cha pili kimetoa 25,000 za mahindi na 15,000 za ngwara, jumla 40,000. Kipande cha pili kimezidi kwa shilingi 13,000, lakini kimekula saa 5 zaidi. Je, saa 5 zako ni ghali kuliko shilingi 13,000? Mama mwenye wagonjwa nyumbani atasema ndiyo. Mwingine atasema la. Kila mtu ajibu kwa hesabu yake, si kwa maneno ya mwingine. Tena mwaka mmoja hautoshi. Fanya miaka mitatu, maana udongo hubadilika polepole.

Nne, mavuno yakikaribia, mwalike Bwana Shamba, mwenyekiti wa kijiji na majirani. Waonyeshe vipande vyote viwili. Fungua daftari mbele yao. Kama cha kwanza kimeshinda, sema, "Kimeshinda." Siku utakayokubali kushindwa kwa hesabu, ndiyo siku watu watakapoanza kukuamini ukishinda.

KWA KUMALIZA

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi kama mlivyokaa ninyi sasa, wapata watu milioni mbili nchi nzima, wakisikiliza mafunzo ya redio ya Mtu ni Afya. Hawakusikiliza tu. Walijadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Nanyi msilifunge somo hili humu darasani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali. Mama yangu alikuwa nayo, yakapotea siku ile mkutanoni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyaandika. Ninyi mmejifunza herufi na tarakimu, wengine mkiwa na mvi. Kalamu hiyo mliyo nayo mkononi, mama yangu angeitaka sana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja magugu matatu ya shamba lako. Kila moja huzaa kwa mbegu au kwa mizizi?
2. Kwa nini karatasi ya Bwana Shamba haikuwa ya uongo, lakini haikuwa kweli yote?
3. Mifugo katika kijiji chenu huingia mashambani mwezi gani? Mwaweza kupatana namna gani ili matandazo yasiliwe yote?
4. Mstari mwekundu juu ya chupa ya dawa maana yake nini?

KAZI YA NYUMBANI

Piga mistari katika ukurasa mmoja wa daftari yako, mafungu matano: tarehe, kazi iliyofanyika, saa za kazi, fedha iliyotumika, mavuno. Andika mstari wa kwanza kesho jioni, ukitoka shamba. Wiki ijayo kila mmoja aje na ukurasa wake, tuusome pamoja.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Shambani kwema.